MLIMANI, KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Wahenga waliposema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, walikuwa wakituonya juu ya adui aliye karibu. Lakini mtu yeyote aliyewahi kulala usiku mmoja katika Mlima Kenya atakubali kwamba methali hiyo inawafaa wapanda mlima kuliko watu wote. Kwani huko juu, kinachommaliza mtu kwa baridi aghalabu si theluji anayoiona kwa macho, wala si upepo anaousikia ukivuma masikioni. Ni ile fulana aliyoivaa ndani kabisa, ambayo hakuna mtu anayeiona.

Miezi ya Januari na Februari, na tena kuanzia Julai hadi Septemba, mvua zinapopungua, vijana wetu wengi hufunga safari kwenda Naro Moru, Sirimon au Chogoria ili wakakanyage kilele cha Lenana. Wamo wanafunzi wa vyuo, vikundi vya makanisa na wafanyakazi wa maofisi. Hili ni jambo la kujivunia. Kuna wakati ilidhaniwa kwamba mlima ni mchezo wa wageni tu, ingawa Mkenya mwenzetu Kisoi Munyao ndiye aliyeipandisha bendera ya taifa huko Lenana tulipojipatia uhuru mnamo Desemba 1963.

Lakini mwulize mmoja wa vijana hao amejitayarisha vipi kwa baridi. Atakuonyesha koti nene kama godoro, glavu, boshori na viatu vizito. Kisha mwulize, "Na ndani umevaa nini?" Atakucheka. Atakuambia, "Fulana tu." Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo makala haya yanapotaka kugusa.

JASHO NDILO ADUI

Hebu tuanze na hesabu ndogo. Mji wa Nanyuki uko mita 1,900 hivi juu ya bahari. Kilele cha Lenana kiko mita 4,985. Hewa hupoteza digrii sita au saba za joto kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo, ikiwa Nanyuki mchana kuna digrii 22, kileleni tarajia digrii mbili au tatu, na hapo hujauhesabu upepo. Nao wapandaji wengi huondoka kambini saa nane au saa tisa za usiku ili jua liwachomozee kileleni. Saa hizo baridi huwa chini ya sifuri na maji ya chupani hugeuka barafu.

Mwili wa binadamu mzima una joto la digrii 37. Likishuka chini ya digrii 35, mtu yumo hatarini. Kwanza hutetemeka. Kisha ulimi huwa mzito, vidole vikakataa kufunga kamba ya kiatu, akawa anajikwaa na kusema maneno yasiyo na mpango. Ukiona mtu wa namna hiyo ameacha kutetemeka kabla hajapata joto, usifurahi ukadhani amepona. Mwili umeshindwa kujipigania.

Sasa, mtu aliyevaa koti kama godoro hufikaje hapo? Jibu ni jasho. Anapopanda mteremko na mzigo mgongoni, mwili wake hufanya kazi kama injini na kutoa joto jingi. Jasho hutiririka kifuani na mgongoni, fulana ikalowa chepechepe. Maadamu anatembea, hasikii kitu. Lakini akiketi robo saa apumzike au amngoje mwenzake, injini hiyo hupoa, na fulana iliyolowa hubaki imegandama ngozini. Maji hunyonya joto la mwili upesi mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Hapo koti la nje, hata liwe la bei gani, limefunika kitambaa cha maji baridi. Ni kama mtu aliyejifunika blanketi huku amelala juu ya sakafu yenye maji.

Ndiyo sababu askari wa usiku aliyeketi langoni Nairobi mwezi wa Julai anaweza kukesha kwa kabuti lake na fulana ya kawaida. Yeye hatoi jasho. Tatizo la mpanda mlima ni kwamba katika saa moja huyaonja yote mawili, joto la mkulima anayelima na baridi ya mlinzi aliyeketi. Nguo yake ya ndani haina budi kuyaweza yote mawili.

PAMBA NI YA PWANI

Nguo inayoshindwa kazi hiyo kuliko zote ni ya pamba. Neno hili huwashangaza wengi, kwani sisi ni watu wa pamba. Leso, kikoi, kanzu na shati jeupe la kwenda kazini, zote hizo hupendwa kwa pamba yake. Na pamba inastahili sifa hiyo. Katika jua la Mombasa huyanywa majimaji ya mwili, huyashikilia, na upepo wa bahari unapoyakausha polepole ngozi hupata ubaridi. Mama aliyejitanda leso sokoni Kongowea anajua anachokifanya.

Lakini sifa ileile iliyo neema Mombasa ndiyo iliyo balaa mlimani. Pamba hulinywa jasho, hulishikilia, na kuupoza mwili wakati mwili unatafuta joto. Isitoshe, pamba iliyolowa hulala bapa juu ya ngozi na kupoteza vile vijishimo vya hewa ambavyo ndivyo hutunza joto. Nayo suruali ya jinzi, ambayo vijana huiona kuwa nguo ngumu ya safari, ni pamba tupu. Ikishalowa katika kinamasi cha njia ya Naro Moru, huwa nzito kama gunia la maji, na haikauki mpaka urudi nyumbani.

Si ajabu kwamba utamaduni wetu wa mavazi haukutuandaa kwa jambo hili. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akisafiri kutoka pwani, alipouona weupe juu ya Kilimanjaro alimwuliza kiongozi wake ni kitu gani kile. Kiongozi akamjibu kwa neno alilokuwa nalo, kwamba ni baridi. Hakukosea, ila mavazi ya kuishinda baridi ya namna hiyo hayakuwa yamehitajiwa katika nchi yake. Leo sisi wenyewe ndio tunaoifuata baridi huko iliko, na hivyo hatuna budi kujifunza mavazi yake.

SUFU, SI SUFI

Mavazi hayo ni ya aina mbili. Ya kwanza na ya kale ni sufu. Tusichanganye sufu na sufi. Sufi hutoka mtini, nayo hujazwa ndani ya mito na magodoro. Sufu ni manyoya ya kondoo. Unyoya wa sufu una ajabu yake. Unaweza kunywa mvuke wa jasho kufikia karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujausikia kuwa umelowa, na katika kuunywa huko hutoa joto kidogo. Umejikunja kama chemchemi ndogo, kwa hiyo hata ukiwa na unyevu huendelea kushikilia hewa. Haushiki harufu upesi, hata mtu akaweza kuvaa fulana moja ya sufu siku nne bila kuwakimbiza wenzake hemani.

Wapo watakaosema, "Sufu huwasha." Ni kweli, lakini si sufu yote. Inayowasha ni ile yenye nyuzi nene, ambazo ncha zake huchoma ngozi. Sufu ya kondoo wa Merino ina nyuzi nyembamba zaidi, ambazo hujipinda badala ya kuchoma, na hiyo ndiyo ya kuvaliwa ngozini. Kondoo hao si wageni kabisa kwetu, kwani Lord Delamere aliwaleta Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, ingawa wengi wao walimfia. Sufu nene, kama ile ya masweta mengi yanayofumwa kwa mkono, ni nzuri sana, lakini mahali pake ni juu ya nguo ya ndani.

Na hapa lugha yenyewe inatukumbusha jambo. Neno letu "fulana" lilitokana na jina la kitambaa cha Waingereza, flaneli, ambacho asili yake kilifumwa kwa sufu. Fulana ya kwanza, basi, ilikuwa nguo ya baridi. Ni sisi tuliolichukua jina tukalivika pamba.

Aina ya pili ni nyuzi za kiwandani, hasa poliesta na polipropilini. Hizi hazinywi maji, au hunywa kidogo mno. Poliesta hainywi hata sehemu moja katika mia ya uzito wake. Jasho hupita katikati ya nyuzi, likatambaa hadi upande wa nje na kukaukia huko. Nguo hizi ni nyepesi, hukauka upesi na bei yake ni nafuu. Kasoro zake ni mbili. Hunuka upesi, na huogopa moto. Cheche ya jiko ikiziangukia huyeyuka na kugandama ngozini, hali sufu huungua kidogo tu na kuzimika. Anayepika kambini akumbuke hilo.

WALIOTUTANGULIA

Wala tusidhani kwamba elimu hii ilianza na maduka ya kisasa. Mwaka 1924 Mwingereza George Mallory alipotea katika mlima Everest, na maiti yake ikaonekana mwaka 1999, bado ikiwa na mabaki ya nguo. Wataalamu walipozichunguza walikuta kwamba alivaa nguo nyembamba nyingi za hariri, pamba na sufu, moja juu ya nyingine. Nguo za mfano huo zilishonwa upya, na mwaka 2006 zikajaribiwa hukohuko Everest. Watu waliokuwa wakimcheka Mallory kwamba alipanda kama anayekwenda matembezini, walinyamaza.

Huko Norway, mwaka 1933, afisa mmoja wa jeshi aitwaye Henrik Brun alichukua nyavu za kuvulia samaki akashona fulana. Watu wa pwani yetu wangemwona mwenda wazimu, kwani wavu ni matundu matupu. Lakini matundu hayo ndiyo yaliyokuwa na siri. Kila tundu lilishika hewa ya joto karibu na ngozi, na jasho likapata njia ya kutoka. Fulana za wavu za namna hiyo zilivaliwa katika safari ya mwaka 1953, ambayo Edmund Hillary na Tenzing Norgay walifika kilele cha Everest. Funzo lake ni kwamba kinachotia mtu joto si unene wa kitambaa, bali ni hewa kavu iliyotulia karibu na mwili.

KUCHAGUA SOKONI

Msomaji atauliza, "Yote hayo nitayapata wapi, nami mshahara wangu naujua?" Fulana mpya ya Merino katika duka la wapanda milima ni ghali, hilo halina ubishi. Lakini Mungu si Athumani. Gikomba na Toi zimejaa nguo za watu wa nchi za baridi, na anayejua anachokitafuta hutoka na hazina kwa bei ya chakula cha mchana.

Kwanza soma kitambulisho kilichoshonwa ndani ya ukosi au ubavuni. Ukiona "wool" kwa Kiingereza, "laine" kwa Kifaransa au "lana" kwa Kiitaliano, hiyo ni sufu. Kwa Kijerumani ni "Wolle" au "Schurwolle". Lakini jihadhari na "Baumwolle". Wengi wameliona neno "Wolle" mwishoni wakalipa kwa furaha. Baumwolle maana yake ni sufu ya mti, nayo ni pamba tu. Na nguo ambayo nusu yake ni pamba ina tabia za pamba, usidanganyike na nusu iliyobaki.

Pili, kama kitambulisho kimekatwa, omba uzi mmoja wa pindoni, uuchome kwa kiberiti ukiwa mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Pamba hunuka kama karatasi. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Mwenye kibanda akikataa, nawe nenda kibanda cha pili.

Tatu, ipime mwilini. Nguo ya ndani yafaa ishike mwili bila kuubana. Ikipwaya, hewa baridi hupita na jasho halina pa kushika ili litoke. Ikibana sana huzuia damu. Iwe na mikono mirefu, na urefu wa kutosha kuchomekwa surualini, maana kiuno kikibaki wazi unapoinama, joto lote hutokea hapo. Miguu nayo isisahauliwe. Tafuta suruali ndefu ya ndani ya aina hiyohiyo. Tena tusione haya kusema, hata zile nguo ndogo kabisa, za wanaume na za wanawake, zikiwa za pamba huloweka sehemu zisizofaa kulowa.

Na yule asiyepata chochote sokoni afanye nini? Afungue sanduku lake nyumbani atoe jezi ya mpira. Naam, jezi ya Gor Mahia au ya AFC Leopards, ambayo aghalabu ni poliesta. Si nguo kamili ya mlimani, kwani mikono yake ni mifupi, lakini ndani ya sweta itamfaa kuliko fulana nzuri ya pamba. Mlima haujali unashangilia timu gani.

MAFIGA MATATU

Nguo ya ndani peke yake haiivishi chungu. Mavazi ya baridi ni mafiga matatu. Ya ndani huondoa jasho. Ya kati, kama vile sweta ya sufu, hushika hewa ya joto. Ya nje huzuia upepo na mvua. Ukiondoa figa moja chungu humwagika, lakini figa linalosahauliwa ni lile la ndani.

Ziko pia kanuni za kuvaa. Anza safari ukiwa unasikia baridi kidogo. Mtu anayeondoka kambini akiwa na joto tamu, baada ya hatua mia mbili anatota. Vua sweta kabla jasho halijaanza, na ulivae koti mara tu unaposimama, usingoje kutetemeka. Weka akiba ya fulana moja na soksi jozi moja katika mfuko usiopenya maji, na akiba hiyo isivaliwe njiani hata kukiwa na nini. Ukifika kambini, kabla ya chai na kabla ya picha, vua nguo zilizolowa uvae kavu. Dakika tano hizo za kuona baridi ndizo zitakazokupa usingizi.

Nguo za sufu zifuliwe kwa maji baridi, zisikamuliwe kwa kupindwa, nazo zianikwe kivulini zikiwa zimelazwa. Maji ya moto huzikunja zikawa za mtoto.

NA MPAGAZI JE?

Tumezungumza juu ya wapandaji, na sasa hatuna budi kuzungumza juu ya wanaowabebea. Ukiketi nusu saa kwenye lango la Sirimon au la Naro Moru utaona jambo la kutia huzuni. Mgeni anapita na begi dogo, amevaa Merino tangu shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu. Nyuma yake anakuja mpagazi na mzigo mkubwa, anayetoa jasho mara tatu ya mgeni huyo. Huyu amevaa fulana ya pamba yenye tangazo la kampuni, jinzi, na koti alilopewa na mtu. Aliye na hatari kubwa zaidi ya kulowa ndiye aliyevaa nguo mbaya zaidi ya kulowa.

Watu husema, "Hawa wamezoea, wamezaliwa mlimani." Maneno hayo ni ya kujitetea. Mwili wa mtu wa Nyeri au wa Meru una digrii 37 kama mwili wa mtu wa London, na wapagazi wamekufa kwa baridi katika milima ya Afrika Mashariki huku wakibeba mahema ya watu wengine. Kwa jirani zetu wa Tanzania, shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, linalofanya kazi Moshi tangu mwaka 2003, huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, nguo ambazo nyingi zimetolewa na wapandaji wenyewe. Jambo kama hilo halihitaji sheria mpya wala mkutano mkubwa. Lahitaji kabati, daftari na mtu mwaminifu.

Kwa hiyo, wewe unayepanga kwenda Lenana, siku ya kukutana na wapagazi wako usiwaulize tu kama wana koti. Waulize kile ambacho wewe mwenyewe ungeona haya kuulizwa, yaani wamevaa nini ndani. Akiwapo asiye na kitu, fulana mbili za poliesta kutoka Gikomba hazizidi bei ya chakula utakachomtaka akubebee. Zinunue kabla ya kuondoka Nairobi, umpe langoni, si baada ya kushuka. Zawadi ya nguo anayopewa mtu akiwa amekwisha rudi nyumbani salama ni ukarimu mzuri, lakini usiku wa baridi alikuwa ameshaumaliza peke yake.